Miwani Mipya ya Mwitaji

Siku ambayo Khwaja Sahib, mwenye karakana, aliliona ua la zulia lililopinda mdomo, Rahti alikuwa ametimiza siku kumi na tisa tangu avae miwani mipya, na kwa siku zote hizo hakumwambia mtu hata mmoja kwamba haoni vizuri.

Karakana ilikuwa ghorofani, katika mtaa wa Zadibal, mjini Srinagar: chumba kirefu chenye madirisha mawili yaliyozibwa kwa plastiki kuzuia baridi, na mitambo miwili ya mazulia iliyosimama ubavu kwa ubavu. Kwenye ubao wa mtambo wa kwanza aliketi Rahti, mwanamke wa miaka hamsini na sita, na pembeni yake Posha, mdogo wake kwa miaka kumi na tano na mwenye ulimi wa wembe. Kwenye ubao wa pili aliketi mzee Lassa Kak pamoja na mkwewe Mahjabeen. Mikono minane, na macho yaliyosoma yalikuwa mawili tu, ya Rahti.

Yeye ndiye aliyekuwa mwitaji. Mbele ya uso wake, katikati ya nyuzi za mtande, kilichomekwa kipande cha karatasi kinachoitwa talim, kimejaa alama ndogondogo ambazo mwalimu wa shule hawezi kuzisoma wala hakimu. Kila alama inasema mafundo mangapi na ya rangi gani. Rahti huziimba, huku mikono yake nayo ikifunga: "Mbili komamanga! Moja lozi! Tatu zumaridi!" Wenzake watatu hufunga kama alivyoita na kuitikia, "Zimeingia!" Wasio na kazi hiyo hudhani wanasikia ibada. Wanasikia kazi.

Na ubao una sheria moja. Mwitaji haulizwi. Akiita mbili unafunga mbili, hata kama moyo wako unakwambia ni tatu, kwa sababu watu wanne wakianza kila mmoja kuusikiliza moyo wake, zulia litageuka gunia. Sheria hiyo ndiyo iliyolipindisha ua. Rahti aliita mbili mahali pa tatu, na wote wanne wakafunga mbili kwa utiifu, safu baada ya safu, safu kumi na mbili. Kwa kuwa mazulia yale mawili yaliagizwa yawe pacha, kosa nalo likazaliwa pacha.

"Hili ua limepigwa kofi na nani?" Khwaja Sahib aliuliza. Alikuwa amepanda kutoka ofisini kwake chini, viatu vyake mkononi, miwani ya dhahabu puani, akapitisha kidole juu ya zulia kama anayemkagua farasi. Akahamia la pili. "Na hili pia! Limepigwa upande uleule!"

Posha alijifanya anatafuta kisu chake.

"Nani aliita hapa?"

Swali la kijinga. Kwa miaka thelathini na moja chumba kile hakikuwa na mwitaji mwingine.

"Mimi," alisema Rahti.

Khwaja Sahib alimtazama, halafu akalainisha sauti, na hapo ndipo mtu wa kazi anapopaswa kuogopa. "Rahti Ded," alisema, akimwita kwa jina la heshima la wanawake wazima, "umri umekwenda. Si aibu. Hata na miwani, kumbe! Sasa sikiliza. Jumatatu nakuja na karatasi mpya, zimechapwa kwa kompyuta, tarakimu kubwa kubwa, hata kipofu anasoma. Mpwa wangu Junaid ataita. Wewe utakaa pale dirishani ukate manyoya ya pindo. Kazi nyepesi. Utapumzika."

Pindo! Mwanamke aliyejifunza talim bila kufundishwa! Baba yake alimfundisha kaka yake, Ramzan, kwa sababu Ramzan alikuwa mwanamume, na Rahti akawekwa kumimina chai. Alimimina chai miaka minne, na kila alipoinama kujaza kikombe aliiba alama moja, akaenda nayo jikoni kuichora kwa mkaa. Ramzan akaenda Delhi kuuza shali. Baba akalala kwa ugonjwa wa mapafu, zulia likiwa nusu. Ndipo msichana wa miaka ishirini na mitano akakaa kwenye ubao na kuita, na wanaume wa mtaa wakajaa kwenye ngazi kusubiri akosee. Wakasubiri mpaka chai yao ikapoa. Hakukosea.

Kwa nini basi safari hii alinyamaza siku kumi na tisa? Kwa sababu Zadibal haisahau. Mtaani bado wanasimuliwa mafundi wa shali wa zama za watawala, waliobanwa kwa ushuru mpaka wengine, inasemwa, wakajikata vidole gumba ili waachwe huru. Rahti alikulia kwenye hadithi hiyo. Alijua tangu hajaota meno ya ukubwani kwamba ukisema kiungo chako kimeharibika, mwenye mali hakuulizi kimeharibiwa na nini. Anauliza nani atakaa mahali pako. Kwa hiyo alama zilipoanza kuvaa ukungu, alijiambia miwani ni mipya, macho yatazoea, akaendelea kuita kwa sauti ileile ya kujiamini. Sauti haikuwa na ukungu, na watu hufuata sauti.

Kesho yake asubuhi alishuka barabarani, joho lake la sufu likiwa limevimba kwa chungu cha makaa alichokibeba ndani, mpaka duka la miwani la Mushtaq Drabu.

"Salaam, mama! Miwani inasemaje?" Drabu alikuwa mtu mchangamfu, mwenye diploma ukutani ndani ya fremu nzuri kuliko zote alizokuwa akiuza.

"Inasema uongo. Naona ukungu."

"Wote wanasema hivyo wiki ya kwanza."

"Hii ni wiki ya tatu."

"Basi ngoja ya nne." Alicheka, akaichukua miwani, akaifuta, akaipima kwenye mashine yake. "Vioo viko sawasawa kabisa na karatasi ya daktari. Hii ni miwani ya sehemu mbili, mama. Juu ni ya mbali, chini hapa, unaona huu mstari, ni ya karibu. Kaa." Akamweka kwenye kiti, akamlazia kadi ya alama mapajani. "Zinatazama wapi hizi?"

Rahti alizisoma zote. Juu, kushoto, chini, chini, kulia. Mpaka mstari wa mwisho, zile ndogo kama mayai ya chawa.

"Haya!" Drabu alipiga makofi mbele ya wateja wawili waliokuwa wakingoja. "Miwani ni nzima. Shida ni kichwa kukataa kuzoea. Wazee wengi mnakuwa hivyo. Kunywa maji kwa wingi, usifikirie sana."

Wateja wakatabasamu. Rahti alitoka akiwa amebeba aibu ambayo hakuitengeneza yeye. Hivyo ndivyo wafanyavyo wauzaji. Chombo kikishindwa kazi, hukipima mezani kwao, wakikuta kizima wanakupima wewe.

Jumapili Posha alikuja kwake na mikate miwili ya moto kutoka kwa mwokaji, na uso wa mtu aliyekuja msibani.

"Usinitazame hivyo, sijafa," alisema Rahti. Alikuwa ameketi sakafuni, ungo wa mchele mapajani, anachambua mawe.

"Sikutazami, Ded. Nafikiria tu sauti ya Junaid. Umewahi kumsikia akimwita muuza samaki? Mbuzi aliyekanyagwa."

"Mwache mtoto wa watu."

"Mtoto ana ndevu!" Posha akamega mkate. "Kwenye harusi moja alihesabu sahani za wageni mara tatu, akapata majibu manne. Ndiye atatuitia mafundo."

Rahti alicheka bila kutaka. Kidole chake kikachomoa kijiwe cheupe katikati ya punje nyeupe, kikakitupa. Kikachomoa kingine, chembamba kama kucha ya paka. Posha akaacha kutafuna.

"Umekionaje hicho?"

"Kipi?"

"Hicho kijiwe. Mimi mwenye macho ya miaka arobaini na moja sijakiona."

Rahti alisimamisha mkono. Aliutazama ungo. Kila punje ilikuwa imejichora yenyewe, na ncha zake, na mpasuko wake. Aliuchukua ungo taratibu akauinua mpaka usawa wa uso wake, kama mtu anayetoa sadaka. Punje zikayeyuka zikawa uji. Akaushusha mapajani, punje zikarudi. Akauinua tena.

"Ded, unacheza?"

"Nyamaza kidogo, Posha."

Akainamisha kichwa nyuma, pua juu, akauchungulia ungo kwa sehemu ya chini ya kioo. Punje zikarudi, lakini shingo ikalia. Akauweka ungo chini, akaivua miwani, akaishika mkononi akiugusa ule mstari kwa ukucha. Hasira ilimpanda, hasira safi, isiyo na aibu ndani yake. Kumbe hivyo! Kuna mtu, mahali fulani, alikaa akaamua kwamba kila anayetazama kitu cha karibu anakitazama mapajani. Karani ana daftari lake chini ya pua. Hakimu ana faili, mwenye duka ana kitabu chake cha mauzo. Dunia yao yote ya karibu iko chini. Hakuna aliyewahi kumuuliza mfumaji yeye huweka wapi karatasi yake. Yake iko mbele ya macho, imesimama, na mikono yote miwili ina kazi, na kwa kioo kile yeye alikuwa akiisoma talim kwa dirisha la kutazamia milima.

"Kumbe siyo macho," alisema. "Posha! Siyo macho yangu!"

"Sasa ni nini?"

Rahti aliigeuza miwani, chini ikawa juu, juu ikawa chini, akaibandika usoni. Mikono ya fremu ikaelekea angani badala ya kushika masikio, daraja likamkalia puani vibaya, ikaanguka. Akachomoa uzi wa pamba kutoka mfukoni, uzi wa mtande usiokatika hata ukiuning'inizia ndoo, akafunga ncha zote mbili, akauzungusha kisogoni juu ya kitambaa cha kichwa.

Posha alijishika mbavu. "Ya Rabi! Ded umekuwa popo!"

"Popo anaona gizani," alisema Rahti. "Inuka. Ufunguo wa karakana anao Lassa Kak."

Lassa Kak hakuuliza maswali mengi. Alikuwa mzee wa aina ile ambaye ukimwamsha usingizini na kumwambia nyumba inaungua, atatafuta kwanza kofia yake. Aliifungua karakana, akatazama ile miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema tu, "Nimeona vibaya zaidi ya hivyo kwenye serikali." Rahti akapanda ubao wake, akatazama mbele, sawasawa, shingo imenyooka kama inavyopaswa kunyooka. Alama zilikuwa pale. Kila moja na mkia wake. Ile aliyokuwa akiiita mbili, ilikuwa na kijikia chembamba cha tatu ambacho kwa siku kumi na tisa hakikuwapo duniani.

Akapitisha ukucha juu ya ua lililopinda, safu moja moja, mpaka Posha akaacha utani.

"Nakata," alisema Rahti. "Naanza kufumua leo. Safu zote kumi na mbili, mtambo huu na ule."

"Nani kakwambia ufumue peke yako?" Lassa Kak alikwisha vuta kisu chake.

"Kosa ni langu, Kak."

"Hukusema ni kioo?"

"Kioo si kosa langu. Kunyamaza ni kosa langu. Nilijua naona ukungu nikaita. Nyinyi mkafunga kwa kuniamini." Alisema hivyo bila kuinamisha uso. "Mwitaji akiona ukungu anasimamisha ubao. Nimewaonea."

Lassa Kak alikata uzi wa kwanza wa mshindio. "Sawa. Umetuonea. Sogea, unanizibia mwanga."

Walifumua mpaka jua likaondoka dirishani, Mahjabeen naye akaja na birika la chai ya chumvi, akakaa bila kuambiwa. Safu kumi na mbili za mtambo mmoja zikaisha, na nne za ule wa pili; nane zilizobaki walizimaliza Jumatatu alfajiri.

Jumatatu hiyo alasiri Khwaja Sahib alipanda na Junaid nyuma yake, na bahasha ya karatasi zilizochapwa. Alipofika mlangoni alisimama. Mbele yake aliketi mwanamke mwenye miwani iliyopinduliwa, ameifunga kwa uzi kama mzigo wa kuni, na sauti yake ilikuwa ikijaza chumba: "Tatu komamanga! Moja lozi! Tatu komamanga!"

"Zimeingia!"

"Nini hii?" Khwaja Sahib alishika ukuta. "Rahti Ded, umeingiwa na nini? Vua hicho kitu! Wanunuzi wakipanda hapa watasema nimeajiri wendawazimu!"

"Wakipanda watatazama zulia, Khwaja Sahib. Tazama na wewe."

Alitazama. Ua halikuwapo tena. Mahali pake palikuwa na safu tano mpya, na mdomo wa ua jipya ulikuwa umeanza kufunguka pale unapotakiwa. Alipitisha kidole. Hakukuta kitu cha kukamata, na hilo lilimuudhi zaidi.

"Leo umebahatika. Kesho? Nimekwisha amua. Junaid, kaa."

"Junaid atakaa," alisema Rahti, "lakini tangulia wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Umevaa miwani kama yangu, ya mstari. Kaa hapa nilipo, utazame karatasi. Ukiweza, shingo ikiwa imenyooka, kuona mkia wa hata alama moja, mimi nakwenda kwenye pindo na sitasema neno."

Kwa miaka yote ya utajiri wake Khwaja Sahib hakuwahi kukaa kwenye ubao ule. Alimtazama Junaid, akamtazama Lassa Kak ambaye alikuwa ananoa kisu chake kwa utulivu. Akacheka kidogo, akakunja miguu kwa shida, akakaa. Magoti yake yakalia.

"Tazama mbele," alisema Rahti. "Usishike karatasi. Mikono yako ina kazi."

Khwaja Sahib alitazama mbele. Akakunja paji. Akasogeza uso karibu, pua ikagusa nyuzi. Akarudi nyuma. Halafu akainua kidevu juu, akashusha macho chini, shingo imepinda kama ya kuku anayemeza maji, akakaa hivyo huku jasho likianza kumtoka katikati ya baridi ile.

"Nikinyoosha shingo, karatasi ina ukungu," alisema.

"Uuu!" Posha alijipiga paja. "Umri umekwenda, Khwaja Sahib! Si aibu! Njoo dirishani upumzike!"

Hata Mahjabeen, ambaye hakuwahi kucheka mbele ya mwajiri, alifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa. Junaid naye alicheka, tena kwa sauti, mpaka mjomba wake alipomkata jicho.

"Sasa kaa hivyo, shingo imepinda, kwa muda wa saa nane," alisema Rahti. "Na uimbe. Na ufunge."

Khwaja Sahib alishusha kidevu. Alijisugua shingo. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara anajua wakati bei yake imekataliwa. Alianza kuinuka.

"Bado," alisema Rahti. "Alhamisi ulisema mbele ya hawa kwamba umri umekwenda. Ulisema kwa sauti, ukiwa umesimama hapo. Sema na hili kwa sauti."

"Niseme nini?"

"Ulichokiona."

Chini barabarani muuza samaki alikuwa akipita. Lassa Kak aliweka kisu mapajani. Posha aliachia nyuzi. Mahjabeen naye akaachia. Mikono sita ikalala, na kila aliye na akili angeelewa kwamba haitaamka kwa sauti ya Junaid.

"Hayakuwa macho yake," alisema Khwaja Sahib, akiutazama mlango. "Ni vioo. Vilikatwa kwa kazi nyingine."

"Asante," alisema Rahti. Akasubiri Khwaja Sahib atoke kwenye ubao, akapangusa alipokaa, akaketi. "Junaid, kama unataka kujifunza talim kaa pale nyuma. Sikufichi kitu. Mimi nilifichwa, najua inavyouma."

Junaid alikaa. Mjomba alishuka na bahasha yake.

Jumatano Drabu mwenyewe alipanda ngazi. Posha ndiye aliyekwenda kumwita, na alichomwambia dukani mbele ya wateja hakirudiwi hapa, ila alifika bila kofia. Alisimama mbele ya mtambo na futi yake ya kitambaa, akaitazama karatasi iliyosimama kwenye nyuzi, akamtazama mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na uchangamfu wake wote ukawa umebaki chini.

"Kumbe inakaa juu," alisema.

"Inakaa juu tangu babu wa babu yako hajazaliwa."

"Hukuniambia, mama."

"Hukuniuliza. Uliniwekea kadi mapajani."

Drabu alipokea hilo. Akapima kutoka puani kwake mpaka kwenye karatasi, akapima tena kutoka usawa wa jicho mpaka safu inayofumwa, akamwambia anyooshe shingo kama anavyokaa kazini, akatia alama kwenye kioo kwa wino mahali macho yanapopita. Angekata vioo vipya, sehemu ya karibu ije juu. Alimwambia pia ana bahati macho yake mawili yanalingana, la sivyo kuigeuza kusingemsaidia kitu. Halafu akatoa karatasi yake ya oda, akaanza kuandika juu ya goti, na alipofika kwenye mstari mmoja kalamu ikasimama.

"Hapa huwa naandika matumizi. Kusoma, kuendesha gari, kushona. Kwako niandike nini? Kusoma?"

"Andika mwitaji."

Akaandika. Rahti alinyoosha shingo alione neno lenyewe. Herufi za kawaida hakuzijua, lakini alihakikisha lipo na ni refu. Kisha akamwonyesha ubao wa pili.

"Sasa mpime Lassa Kak. Ameanza kukodoa macho tangu vuli, anadhani hatumwoni."

"Mimi naona vizuri," alisema Lassa Kak.

"Kaa unyooshe shingo," alisema Rahti, akaigeukia karatasi yake. "Nne anga! Moja lozi!"

"Zimeingia!"